Samaki Aliyeonwa na Barasa Peke Yake

Simu iliyoniletea habari ya kifo cha Barasa ilinikuta juu ya ngazi, nikimalizia herufi ya mwisho kwenye ukuta wa duka la mbegu hapa Kitale. Watu huniambia kwamba mwanamke wa umri wangu hafai kupanda ngazi, nami huwaambia waishike ngazi badala ya kushika maneno. Aliyepiga alikuwa mwanamume nisiyemjua. Alisema anaitwa Wafula, mwana wa Barasa wa Matulo, na kwamba namba yangu aliipata pale ninapoiandika siku zote, chini kabisa ya bango la duka moja la dawa za mifugo kule Webuye. "Mzee ametuacha juzi, mama," akasema. "Na alikuwa amesema siku akienda tutafute fundi Nyambura. Ati wewe ndio unajua ile samaki." Nilimuuliza samaki gani, kama mtu asiyejua, kisha nikaona haya, nikamwambia ndiyo, najua, nitakuja. Niliteremka ngazi polepole, nikakaa juu ya mkebe wa rangi na kulia, na mwenye duka akadhani nimeumia mguu.

Nianze na huyo samaki, maana bila yeye mwaka wangu wa Bungoma ungekuwa mwaka wa kazi tu. Kuna kisiwa katika Bahari ya Pasifiki kiitwacho Klipatoni. Ni pete nyembamba ya matumbawe yenye dimbwi katikati, mbali na kila nchi, na hakikaliwi na mtu. Wenyeji wake ni ndege na kaa. Kwenye miamba inayokizunguka anaishi samaki mmoja bapa, wa buluu iliyokaribia weusi, mkia wake mweupe kabisa, na ubavuni ana doa moja jeupe, kama tone la chokaa lililomwangukia mtu aliyepita chini ya fundi. Dunia nzima, kwao ni hapo tu. Haya leo nayajua kwa hakika. Mwaka ule niliyajua kwa mdomo wa Barasa peke yake, na hapo ndipo nilipoponzeka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimejifunza kuandika mabango kwa mzee mmoja hapa Kitale, mtu mkali wa mistari, aliyeweza kukupiga vidole kwa rula ukiiandika S yenye tumbo kubwa. Barasa alikuja kumtafuta yeye. Aliingia adhuhuri, jua likiwaka, amevaa koti zito la baharini ambalo hakulivua hata alipokuwa akitoka jasho, akasema amefungua hoteli ya samaki Bungoma, karibu na soko, na ana ukuta mrefu mweupe unaomsumbua. Mwalimu wangu alikuwa anaumwa mgongo. Alininyooshea kidole bila kuinua kichwa: "Mchukue huyu. Mkono wake ni mzuri, mdomo ndio utauvumilia." Barasa akaniangalia, akacheka, akasema mdomo si kitu, kwao kila mtu anao. Tulipatana kazi ya wiki mbili. Nilikaa mwaka mzima.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne na mabenchi, na dirisha dogo la kupitishia sahani. Nyuma kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko chumba cha Nanjala, shangazi yake Barasa, ambaye mji mzima ulimwita Senge, yaani shangazi upande wa baba. Ndimo nilimolala, kitanda changu upande mmoja wa pazia, chake upande wa pili, na kati yetu harufu ya moshi na mafuta iliyoingia hata kwenye biskuti. Alfajiri samaki walifika kutoka ziwani, wamefunikwa kwa majani ndani ya vikapu. Ngege wazima, wale ambao wengine huwaita sato, walikuwa wa wenye mshahara, na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, iliyobaki baada ya nyama kukatwa, ilikaangwa mpaka ikalia mdomoni, na hiyo ndiyo iliyojaza mabenchi. Mpaka leo nikipita mahali mafuta yanapochacharika, nageuka kabla sijajua kwa nini nimegeuka.

Sasa, mimi sikuwa nimewahi kumwona samaki mzima. Mswahili wa pwani akisikia hivyo atacheka, lakini aliyelelewa na Wakikuyu wa enzi ile atanielewa. Kwetu, katika kijiji kiitwacho Kwanza, samaki alikuwa nyoka wa maji, na jina lake halikutajwa mezani. Barasa hakulijua hilo, nami sikumwambia, maana fundi hakiri kazi isiyomjia. Alinipa picha moja, ndogo kama kiberiti, imefifia ikawa ya kahawia yote, na doa na mkia tu ndivyo vilivyoonekana vizuri. Nilifanya kazi siku mbili, nimefunika ukuta kwa shuka. Siku ya tatu nikavuta shuka mbele ya wateja wa chai. Kisha mzee mmoja mwenye kofia akauliza kwa upole, "Dada, hii samaki yako iko na usingizi?" Nilikuwa nimempa kope. Nilikuwa nimempa kope mbili nzuri, za juu na za chini, pamoja na nywele zake, kama za mke wa chifu.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Senge Nanjala alitoka jikoni akipangusa mikono, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, naye hakucheka. Alinishika kiwiko akanipeleka nyuma, akaweka ngege mzima mikononi mwangu. "Shika. Haiumi, imekufa jana," akasema. "Ona macho. Samaki hana kope, mwanangu. Analala macho wazi." Nilimshika yule samaki kama anavyoshikwa mtoto wa mtu mwingine. Nilimpapasa magamba, nikafungua shavu lake nikaona yale mekundu ya ndani, nikapitisha kidole kwenye mwiba wa mgongo. Alikuwa mzuri, na hakuna aliyewahi kuniambia. Senge alimtia chumvi, akamkaanga, akaweka mbele yangu na ugali wa wimbi. "Hii chakura ni yako," akasema, maana kwake l na r zilikuwa ndugu. "Ukimaliza, rudi kwa ukuta." Nilikula. Mfupa wa kwanza ulinichoma ufizi, nikaendelea kula. Barasa alikuwa amesimama mlangoni na kijiko chake cha kukaangia, akitazama mtu mzima akila samaki kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu aliyenitazama nikila.

Jumapili moja nilikwenda Kwanza. Mama yangu alinikumbatia kisha akanisogeza mbali kwa mikono miwili, akanusa hewa. Hakuniuliza kitu. Lakini nilipokuwa nimejilaza chumbani nilimsikia jikoni akimwambia jirani, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, "Mtoto ameenda Bungoma kula nyoka." Jirani akasema labda anampikia mtu. Mama akanyamaza, na kile kimya chake ndicho kilichonifanya nijiulize kwa mara ya kwanza kama kweli kulikuwa na mtu.

Alikuwepo. Barasa alikuwa na miaka ishirini na minane. Aliwahi kwenda Mombasa kutafuta kazi, akaajiriwa mpishi kwenye meli ya wataalamu wa bahari, akazunguka nao dunia miaka minne akiwapikia viazi. Meli ilitia nanga siku tatu karibu na kile kisiwa. Wataalamu walikuwa wakizama na kurudi na kelele za furaha, na siku ya pili mmoja wao akamkopesha Barasa miwani ya majini. Kuogelea alikuwa amejifunza mto Nzoia, ambako mama yake alimchapa kila alipomkuta na nywele mbichi. "Niliinamisha kichwa hivi," aliniambia, akiinamisha kichwa juu ya meza, "na akakuja. Yeye mwenyewe. Akasimama mbele ya uso yangu kama anataka kuuliza nimetoka wapi. Fundi, mimi nimeona wazungu, nimeona mawimbi inapita hii nyumba. Lakini hiyo samaki ndiyo kitu ya kwanza ilikuwa inashangaa kuniona mimi." Hii hadithi niliisikia labda mara mia. Sikuichoka, ingawa nilijifanya nimeichoka.

Wateja nao walikuwa na maswali yao, na hayakuwa ya kijinga. "Samaki inakaa kisiwa moja tu dunia mzima?" wangeuliza. "Nani ameikataza kuhama?" Barasa angewaeleza kwamba nje ya ile miamba bahari inazama ghafla, kilindi kisicho na mwisho, na kwa samaki wa miamba kilindi ni jangwa, hana pa kula wala pa kujificha njiani. Mmoja angesema, "Basi ilifika aje?" na hoteli ikalipuka kwa kicheko. Wengine walikuwa wakiketi na kuagiza, "Barasa, leta ile nyeusi, mkia mbili," na yeye angecheka nao, kwa kuwa mtu wa hoteli hagombani na tumbo linalomlisha. Lakini nilimwona wakishaondoka. Alikuwa akipangusa meza moja kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

Kope nilikuwa nimezifuta, lakini rangi ilinishinda. Picha haikuwa na buluu yoyote, kwa hiyo ilibidi buluu itoke mdomoni mwake. Je, ni ya sare ya shule? Hapana. Ni ya wino? Karibu, lakini ya wino imekufa, na hii ilikuwa hai. Nilichanganya, nikapaka kipande, yeye akarudi nyuma hatua tano, akatikisa kichwa. Ukuta ulijaa viraka. Ilichukua wiki nyingi, katikati ya kazi nyingine, maana kwa wakati huo nilikuwa nimeanza kuchorea maduka ya mjini na hata Chwele, siku za soko. Kisha asubuhi moja nilikuwa nikiosha brashi uani, na jogoo wa jirani akamfukuza kuku mweusi wa Senge akapita juani mbele yetu, na mgongo wake ukawaka. "Hiyo!" Barasa alipiga kelele. "Hiyo hapo! Shika huyo kuku!" Tulimkimbiza kuzunguka tangi la maji, mimi na yeye na Senge na mteja mmoja aliyeacha uji wake. Barasa alimkamata, akamshika kando ya ukuta juani, kuku akilalamika, nami nikachanganya nikimtazama yeye na rangi, nikaongeza zambarau kidogo, nikaongeza nyeusi, nikaonja kwa jicho, nikapaka. Barasa hakurudi nyuma hatua tano. Alisimama pale pale na kuku kifuani. "Ndiye," akasema, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kuku.

Yule kuku alichinjwa Jumamosi, siku nilipomaliza samaki. Senge alimpika kwa mchuzi mzito tukakaa wanne mezani, hoteli imefungwa: mimi, Barasa, Senge, na mwalimu mstaafu mmoja, Mwalimu Simiyu, aliyekuwa akila pale kila siku na kuhesabiwa kama samani. Senge alimpakulia Barasa. Barasa akachukua firigisi kutoka sahani yake, akaiweka kwenye yangu. Nilidhani ni kipande cha kawaida. Niliitafuna, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikasema, "Tamu, lakini ngumu kidogo." Mwalimu Simiyu aliacha kutafuna. Senge aliangalia dari. Kesho yake, nyuma ya pazia, ndipo aliponieleza kwamba kwa Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akiila yeye, au ikikosekana kwenye chungu, wazee wanaitwa. Mwanamume hampi mtu firigisi yake hivi hivi. "Amekwambia kitu mbele yetu," Senge akasema, "na wewe umesema ni ngumu." Nilijifunika blanketi nikacheka kwa aibu. Nilikuwa nampenda. Nilikuwa nampenda tangu siku ya ngege, na sikumwambia, kwa kuwa nilifikiri muda ulikuwa mwingi.

Siku chache baadaye tulikuwa wawili tu, yeye anachambua mchele, nami nachora mpaka mwembamba kuzunguka ukuta. Akaniuliza bila kugeuka, "Fundi, na wewe unaniamini?" Nilimuuliza kuhusu nini, ingawa nilijua. "Kuhusu yeye," akasema, na akaelekeza kidevu kwa samaki. Nilijibu kwa mzaha: fundi haamini, fundi anachora. Akatikisa kichwa. "Mimi sitaki Bungoma mzima iniamini. Hiyo ni kazi ya siasa. Nataka mtu moja. Mtu akiwa na moja anaweza kuishi." Nilitaka kusema ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Miaka minne baharini ni mirefu, na hadithi hupata kope zake njiani. Nikainamia ukuta, nikamalizia mpaka.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya soko, saa saba mchana, hoteli imejaa hadi mlangoni. Mwalimu Simiyu aliingia na kitabu kinene cha samaki wa dunia alichoazima kutoka maktaba ya shule aliyofundisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusahihisha. Akaweka kitabu mezani, akavaa miwani, akatangaza, "Barasa, nimepitia kurasa zote, toka mwanzo mpaka mwisho. Samaki wako hayumo." Watu wakapiga meza. Mwalimu akainua mkono kama aliye darasani. "Ngojeni, tufanye haki. Nani hapa anamwamini Barasa? Asimame." Hakuna aliyesimama. Wengine walijificha kwa mzaha chini ya meza. Ndipo yule mzee wa kofia aliposema, "Si tuulize fundi? Yeye ndio ameichora," na vichwa vyote vikanigeukia nilipokuwa nimekaa na sahani yangu pembeni.

Barasa alikuwa ametoka jikoni. Hakuwa akicheka. Alinitazama moja kwa moja, bila kuomba chochote, akingoja. Nami niliwatazama wale watu, nikakumbuka siku ya kope, nikakumbuka kwamba nilikuwa msichana wa kabila lisilokula samaki niliyemchora samaki katika mji wa walaji samaki, na nikaogopa kuchekwa mara ya pili. Nikasema, "Mimi ni fundi tu. Pale kwa bucha nimechora ng'ombe anacheka. Mmewahi kuona ng'ombe akicheka akipelekwa kuchinjwa?"

Mabenchi yalitetemeka. Mwalimu Simiyu alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Lilikuwa jibu zuri, mpaka leo nakiri lilikuwa zuri, na laiti ningekuwa bubu siku hiyo. Barasa naye alicheka, kidogo, kwa adabu ya mwenye hoteli, akarudi jikoni. Samaki wa meza ya pili alitoka ameungua. Senge, aliyekuwa kwenye dirisha la sahani, hakuniangalia.

Nilingoja anigombeze. Ningeweza kumjibu, ningeweza kuomba msamaha, tungeweza hata kukosana vizuri. Hakunigombeza. Alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, "Mulembe, fundi," na akanipa chai. Ila ile hadithi hakuisimulia tena. Mgeni akiuliza kuhusu ukuta, alijibu kwamba ni pambo tu. Baada ya wiki mbili aliniambia, "Paka chokaa hapo, fundi. Watu wanapenda ukuta safi." Ningeweza kukataa. Nilipaka. Mkono wa kwanza, buluu ikatokeza. Mkono wa pili, ikatokeza kwa mbali kama jeraha lililopona vibaya. Mkono wa tatu nilipaka nikiwa nimeuma midomo, na Barasa akapita nyuma yangu na gunia la mkaa bila kusimama. Mahindi yalipokuwa yakivunwa Kwanza nilifunga brashi zangu nikarudi nyumbani. Senge alinifungia mgongo wazi ndani ya gazeti. Barasa alinishika mkono akasema, "Kazi yako ilikuwa nzuri." Yalikuwa maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake.

Sina haja ya kusimulia yaliyofuata. Niliolewa Kitale na mtu mwema, nikazaa naye, kisha nikamzika, na ngazi nikaendelea kuipanda. Barasa alifunga hoteli, akarudi Matulo kulima miwa, akaoa. Niliyapata haya vipande vipande kwa wateja. Mtu angedhani kulikuwa na bahari kati yetu. Kutoka Kitale hadi Matulo mtu huenda na kurudi siku moja na kuwahi kukamua ng'ombe.

Miaka mitatu iliyopita shule moja ya chekechea hapa mjini iliniita nichore wanyama wa baharini kwenye ukuta wa darasa. Mwalimu wao akanipa kitabu cha picha, kipya, karatasi za kung'aa. Nilikuwa nikikifungua huku nakunywa chai. Pweza, pomboo, kasa. Nikafungua ukurasa uliofuata, naye alikuwa pale, ananitazama. Buluu ya mgongo wa kuku mweusi juani. Mkia mweupe. Doa. Chini yake waliandika kwamba hupatikana kwenye miamba ya kisiwa kimoja tu, na kisiwa kikatajwa kwa jina. Nilisoma mara tatu, nikifuata kwa kidole kama wale watoto. Rangi tuliyoipata siku ile uani ilikuwa sahihi kabisa, na sikujua kama nifurahi au nijipige. Mwalimu alinikuta nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, akaniuliza kama chai haikuwa na sukari.

Kwa nini sikwenda Matulo siku hiyo hiyo? Nimejiuliza sana. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Kisha baada ya Krismasi. Kisha goti likauma, kisha likapona, kisha nikasema mtu hawezi kufika kwa mke wa mtu na picha ya samaki. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao wanne, nawapenda, lakini huyu wa tano ndiye asiyelala. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa najua kwamba nikimwambia "ulisema kweli," atanijibu kwa adabu yake ile ile, na sikutaka adabu.

Basi nilifika Matulo siku ya mazishi. Nilikuwa na nakala ya ule ukurasa ndani ya Biblia, nikidhani nimebeba ushahidi. Haukuhitajika. Niliposhika tu njia ya boma, watoto wadogo watatu waliniuliza kama ni mimi wa samaki, na nilipoitika wakaanza kunielezea samaki mimi: mkia ni nyeupe, hapa iko na doa, haina kope, inakaa kisiwa moja tu. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyewahi kumtilia shaka. Mjane wake, Nasimiyu, alikuwa mwanamke mnene mtulivu mwenye sauti ya chini. Alinishika mikono yote miwili akanikalisha karibu naye mbele, kwenye viti vya jamaa, nami sikujua nimestahili nini.

Baada ya nyimbo Wafula alichukua maikrofoni. Alisema baba yake hakuacha mali nyingi, lakini aliwaachia hadithi moja. Akaisimulia, meli na miwani na samaki, na watu wakawa wanatabasamu kwa kuwa walikuwa wakiijua. "Na siku moja," akasema, "mwalimu moja akauliza hoteli mzima, nani anamwamini Barasa, asimame. Watu wote wakanyamaza. Halafu msichana moja Mkikuyu, akiwa na brashi kwa mkono, akasimama. Akasema, mimi namwamini. Mzee alikuwa anatuambia mtu akiwa na moja anaweza kuishi." Akanitafuta kwa macho. "Huyo mama yuko hapa. Mama Nyambura, tafadhali simama wakuone."

Nilikuwa nimekuja na ukweli kutoka Kitale, wote, pamoja na ng'ombe anayecheka, na nilifikiri nitausema mbele ya jeneza lake kisha niwe mwepesi. Niliyaona yale macho ya watoto. Nikasimama. Nikashika maikrofoni na kusema, "Ni mimi. Nilimwamini. Ile samaki ni ya kweli, na rangi yake aliikumbuka vile ilivyo." Watu wakapiga makofi ya taratibu, yale ya matangani. Nikakaa.

Nasimiyu akauchukua mkono wangu akauweka pajani mwake. Kwaya ilikuwa imeanza, kwa hiyo aliinama karibu na sikio langu. "Senge Nanjala aliniambia vile ilikuwa siku hiyo," akasema. "Alikuwa kwa dirisha. Hukusimama."

Nilitaka kuutoa mkono wangu, akaushika.

"Mzee alikuwa anajua kwamba najua," akaendelea, akitazama jeneza. "Kila akifika hapo kwa hadithi, alikuwa ananiangalia nisiseme."

"Na hukusema," nikamwambia.

"Sikusema."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nikamwonea wivu, mbele ya jeneza, mkono wangu ukiwa ndani ya wake.